Kiti cha bure njo kinaua teatri yetu: Mwindo, simba wa Disney na hesabu ya tike

Kila tunapokaa wawili watatu wenye kupenda jukwaa, swali moja linarudi: lini Goma itapata teatri ya nyimbo kubwa kama zile za New York? Kila mwenye telefone ameona vipande vya Hamilton ao The Lion King, na kila kiongozi wa korali anaota kuvaa watu mavazi ya kung'aa na kujaza sale. Mimi ni agronome, sanaa sikuisomea. Lakini tangu nione filamu ya Sarafina! kwenye sale ya video nikiwa mtoto, nimefuata mambo haya kwa moyo, kwa megabaiti za usiku, zile za bei ndogo. Kiti cha Broadway sijakikalia hata siku moja. Ninachosema hapa nakisema kama mutu anayependa kitu toka mbali, na ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuliza: hili shamba litarudisha mbegu?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ninaposema teatri ya nyimbo, sisemi mchezo wa kuchekesha wenye korali ya kupumzisha watu katikati. Ninasema mchezo ambao ukitoa wimbo, hadithi inasimama. Mutu anaimba juu maneno ya kawaida yamemushinda, na akimaliza kuimba, kitu kimebadilika katika maisha yake. Kama wimbo unaweza kuruka bila mutu kugundua, ile ni pambo tu.

Sasa hesabu, juu watu wengi hapa wanafikiri Broadway ni mgodi wa dhahabu. Tangu jumba zile zifunguliwe tena nyuma ya korona mpaka Septemba 2025, michezo mipya ya nyimbo iliyopanda jukwaani ilikuwa 46. Kuipandisha kulikula karibu dola milioni 800. Iliyokuwa imerudisha franga ya wawekezaji ni mitatu. Mitatu! Ningepelekea wakulima wa Mweso mbegu ya maharagi ambayo katika mashamba 46 inazaa katika matatu, wangenifukuza na majembe, na wangekuwa na haki.

Sababu si kwamba watu hawaji. Sale inaweza kujaa na mchezo ukakufa vile vile. Kuna gharama ya kupandisha, na kuna gharama ya kila wiki: kodi ya jumba, waigizaji, wanamuziki, mafundi wa taa, matangazo. Kama tike za wiki hazipiti gharama za wiki, kila siku unayocheza unazidi kuzama. Tammy Faye iko na muziki wa Elton John, yule yule aliyetunga nyimbo za filamu ya The Lion King. Iliandaliwa kwa bajeti ya mpaka dola milioni 25. Ilifunguliwa rasmi 14 Novemba 2024, ikafungwa 8 Desemba. Maharagi yetu yanakaa udongoni muda mrefu kuliko ile.

Na ile mitatu iliyolipa? MJ, & Juliet na Six. Mbili za kwanza nazielewa haraka: MJ inauza nyimbo za Michael Jackson, & Juliet inauza nyimbo za Max Martin ambazo dunia nzima inaimba bila kujua nani alizitunga. Mutu ananunua tike akijua tayari atapenda nini. Sina chuki na hiyo, lakini haitufundishi kitu, juu hatuna franga ya kununua nyimbo za Michael Jackson.

Six njo ya kuangalia. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa univ ya Cambridge, Toby Marlow na Lucy Moss, wakaipeleka kwenye festivali ya Edinburgh 2017. Waimbaji sita, wanamuziki wanne, hakuna kubadilisha mapambo ya jukwaa, dakika kama 80 na watu wanarudi nyumbani. Hadithi wameichukua ku historia ya kwao: wake sita wa mfalme Henry VIII, kila mmoja anasimulia mateso yake. Ilikuwa ifunguliwe rasmi Broadway 12 Machi 2020, siku ile ile jumba zote zilifungwa juu ya korona. Walingoja mpaka Oktoba 2021. Mchezo mkubwa ungekufa katika kungoja vile. Wao walikuwa wepesi.

Kuna jambo lingine katika ile mitatu ambalo sisi wa Kivu tunapaswa kulijua. Aliyeandika hadithi ya MJ ni Lynn Nottage. Jina lile linatuhusu. Mbele ya MJ, aliandika Ruined, mchezo unaofanyika ndani ya baa, katika mji mdogo wa machimbo, mashariki ya Congo: wanawake waliobakwa vitani, askari wa pande zote wanaingia kunywa, coltan iko katika mazungumzo, na Mama Nadi mwenye baa anajaribu kuuzia kila mutu bila kufa. Nyimbo zimo, na muziki wake ulitungwa na mpiga gita wa kwetu, Dominic Kanza. Ulionyeshwa kwanza Chicago mwishoni mwa 2008, ukapata tuzo ya Pulitzer 2009. Nimeusoma, na kuna mahali nilifunga telefone nikatoka nje kupumua. Lakini angalieni soko lilivyosema: mwandishi mmoja, baa yetu ilimpa heshima, Michael Jackson akampa mchezo unaorudisha franga. Simlaumu dada yule. Naonyesha tu kwamba mateso yetu yanauzika kama tuzo, lakini kama biashara ya kila wiki hayabebi.

Kuna Afrika nyingine inayobeba vizuri sana. The Book of Mormon iko Broadway tangu 2011, hadithi yake inafanyika kijijini Uganda, na vichekesho vyake vingi vinatoka ku magonjwa na ku mkubwa wa waasi. Watu wanacheka, tike zinaisha. Na The Lion King, toka Novemba 1997, imeangaliwa na watu zaidi ya milioni 100 duniani. Hii ya pili naipenda, sitadanganya. Julie Taymor, aliyeiongoza, alifanya kitu cha akili: hakuficha watu ndani ya wanyama. Unaona uso wa mwigizaji na unaona kinyago juu yake, vyote pamoja, na jicho lako linachagua. Ile ni akili ya ngoma zetu za vinyago. Disney wenyewe wanaandika kwamba ndani ya mchezo mnasikika lugha sita za Afrika: Kiswahili, Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana na… "Kikongomani". Bandugu, nani anaongea Kikongomani? Bibi yangu wa Masisi angeuliza kama ni ya Bahunde ao ya watu wa Kinshasa. Na "hakuna matata" ile, ambayo hapa hakuna mutu anaisema juu sisi tunasema "akuna shida", Disney waliisajili Marekani kama alama yao ya biashara ku nguo.

Basi, mutu atasema: tufanye ya kwetu. Njo hapo nataka kufika, lakini lazima kwanza tupite kwenye kidonda.

Hatukosi talanta. Chukua kanisa lolote, toka Sake mpaka Walikale-centre: kuna korali tatu, sauti nne zimepangwa sawasawa, kuna kijana wa kinanda anayeweza kufuata wimbo wowote kisha kuusikia mara moja. Kitu tunachokosa ni mutu anayeamini kwamba kuangalia jukwaa kunalipwa. Na ile imani haikupotea yenyewe. Wazazi wetu walikulia katika animation politique ya Mobutu: maelfu ya watu wamevaa sare, wanaimba na kucheza kwa mpango kamili, masaa na masaa kwenye jua. Ilikuwa teatri ya nyimbo kubwa kuliko zote zilizowahi kufanyika katika inchi hii. Mtayarishaji alikuwa serikali, shujaa alikuwa mutu mmoja tu, watazamaji waliletwa kwa lazima, na tike haikuuzwa hata moja. Kisha makanisa yakabeba sauti zile, na mbele ya Mungu hakuna kiingilio, sawa kabisa. Kisha vita, na mashirika. Mashirika yalileta teatri ya sensibilisation: kolera, ubakaji, amani kati ya makabila, kunawa mikono. Michezo mingine ilikuwa mizuri na ilisaidia. Lakini walikwenda mbali kuliko Mobutu, walilipa watazamaji! Unakaa, unaangalia, unaandika jina kwenye liste, unapokea soda na franga ya transport. Miaka makumi mawili ya vile, halafu wewe na wenzako wa korali mnataka mama wa Nyabiondo atoe franga kwa kukaa kwenye benchi. Atawauliza: liste iko wapi?

Na sisi wasomi tunaongeza dawa mbaya. Kila kundi la vijana likiwa na wazo la jukwaa, jambo la kwanza ni kuandika projet. Projet inataka malengo, walengwa, ujumbe. Mwindo akiingia katika projet, anatoka akiwa "shujaa wa kupigana na utapiamlo". Nani atalipa kumuona yule?

Lakini kwamba watu wa kwetu hawalipi kabisa, hapana. Amani Festival ilipoanza Goma, Februari 2014, ndani ya Collège Mwanga, kiingilio kilikuwa dola 1 kwa siku, na kwa siku tatu walihesabu watu kama 25 000. Dola zile haziwezi kulipa festivali yenye wasanii wa kupanda ndege, wafadhili njo waliibeba. Lakini dola ilitoka mfukoni. Ilitoka juu kitu kilichokuwa ndani watu walikitaka.

Sasa Mwindo. Waliosoma Walikale wamesikia jina, wengine hata hawajui kwamba ni mali ya Banyanga. Mwaka 1956, mzee Candi Rureke alimpigia Daniel Biebuyck na wenzake hadithi ile kwa siku kumi na mbili. Kitabu kilitoka 1969 Marekani, kwa jina la Biebuyck na la Kahombo Mateene, msomi Mnyanga mwenyewe. Wengi wanaishia pale, wanasema "epopee", kitu cha mtihani. Soma namna ilivyofanyika. Rureke hakusoma kitabu. Aliimba, akasimulia, akacheza kwa mwili, akaiga kila mutu wa hadithi, kibuyu cha kutingisha mkononi, na fimbo ya mkia wa mnyama kama ya Mwindo. Vijana watatu walipiga fimbo juu ya mti mkavu, wakaitikia. Watu waliozunguka waliitikia pia, na katikati ya mchezo walimpa zawadi ndogo-ndogo, pombe na chakula. Nioneshe kitu kinachokosa pale ili iitwe teatri ya nyimbo. Mwimbaji, orkestra ya watu watatu, korali ambayo ni watazamaji wenyewe, na mapato yanaingia mchezo ukiendelea. Six wako na watu kumi jukwaani. Rureke alikuwa na wane.

Na hadithi yenyewe! Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, anakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa vile vile, anatembea, anaongea. Baba anajaribu kumuua, anashindwa, anamfunga ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto, ndani ya ngoma, anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Wapenzi wa Broadway wanajua kanuni: mapema katika mchezo, shujaa lazima aimbe kile anachokitaka. Banyanga walikuwa nayo mbele ya Broadway kuwa na jina. Na tena fikiria jukwaa: ngoma njo gereza, njo mtumbwi, njo orkestra. Kitu kimoja, kazi tatu. Mtayarishaji wa New York angelipa mamilioni kwa wazo vile.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote, mtanisamehe, ni cha agronome. Baba anakimbia, anaingia chini ya dunia kwa Muisa. Mwindo anamfuata. Muisa anamwambia: kama unamtaka baba yako, nilimie kwanza shamba la ndizi. Vyombo vinajipanga vyenyewe, vinakata majani, mashoka yanaangusha miti, migomba inajipanda, na siku ile ile ndizi zimeiva. Kwetu Masisi, ambako wilt ya migomba ilionekana tangu 2001 na watu wakang'oa mashamba mazima, ile sini haihitaji mapambo ya jukwaa. Wape watu wanne majembe yao, wacheze bila kuongea, na mama zetu wataona muujiza wanaoujua bei yake.

Na mwisho wake unapita wa The Lion King. Kule, muovu anakufa, mtoto anakalia kiti cha baba, kila kitu kinarudi kama zamani. Hapa, Mwindo anamrudisha baba yake nyumbani akiwa mzima, baba anakiri makosa mbele ya watu wote, shangazi Iyangura anakaa katikati yao, na inchi inagawanywa kati ya baba na mtoto. Masisi, mahali udongo umetuzika mara ngapi, watu wataisikia bila mutu wa sensibilisation kusimama na kueleza. Naomba sana asisimame.

Nimefanya hesabu kama ninavyofanya kwa shamba. Watu wanane: msimuliaji, wapiga fimbo watatu, waimbaji wanne, na Iyangura awe mwanamke mwenye sauti ya kwanza katika kundi, si wa kusindikiza. Chakula na kulala, tuseme dola 5 kwa mutu: 40. Moto nne: 60. Barieri na ruhusa za wakubwa: 30. Malipo ya wasanii, dola 5 kila mmoja: 40. Jumla 170 kwa siku ya mchezo. Kwa dola 1 kiingilio, unahitaji watu 170, na siku ya soko watu wale wako mbele yako tayari. Ongeza sono na jenereta, unafika karibu 270. Chukua korali ya watu 30 na mavazi, unapita 700, umekwisha kuwa Tammy Faye wa Kitshanga. Na bado sijahesabu ile desturi yetu ya harusi, mutu kuinuka na kubandika franga ku paji la uso wa mwimbaji. Rureke alilipwa vile. Kiingilio kiwe kidogo, kubandika kuruhusiwe, na mambo yacheze mchana, saa nane nyuma ya soko, juu usiku hakuna mutu mwenye akili atatembea.

Kalenda nayo ni ya mkulima. Masisi, franga iko mikononi kisha mavuno ya saison A, Januari na Februari, na ya saison B, Juni. Walikale, karibu na machimbo, franga inatembea kila juma lakini bei ya chakula inaimeza, basi kule mchezo uwe mfupi na kiingilio kisipande.

Najua mtaniambia juu ya barabara. Januari 2025 M23 iliingia Goma, Machi ikafika Walikale-centre, Aprili ikatoka, na njia toka Sake kupita Masisi-centre mpaka Walikale si njia ya kupanga tarehe za tike. Korali zimetawanyika, sopurano yuko Kampala, tenori ni deplase mahali fulani. Ni kweli. Njo maana nasema watu wanane wanaoweza kubeba vyombo vyao mgongoni, wala si thelathini wenye spika. Hata ndani ya mji mmoja, parokia nne tofauti ni safari ya kutosha kwa kuanza.

Wengine watanionyesha njia ya Ulaya. Faustin Linyekula na Studios Kabako, pale Kisangani, mwisho wa barabara yetu ya Walikale, walifanya mwaka 2009 more more more… future na gita ya Flamme Kapaya. Januari 2024, Geneva ilionyesha opera Justice, juu ya ajali ya lori la asidi kule Katanga, maneno ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi. Ni kazi kubwa, nazipenda. Lakini soko lao ni festivali na majumba yenye pesa za serikali za kule. Mutu wa Lubumbashi alihitaji viza kuona ajali ya kwao ikiimbwa. Kwa biashara, afadhali Kamĩrĩĩthũ: 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kenya walijijengea jukwaa la wazi wenyewe, wakaimba Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kigikuyu, na watu wakajaa mpaka serikali ikaogopa ikafunga. Mei 2022 ulipandishwa tena Nairobi, kwenye jumba la taifa.

Lugha? Hadithi kwa Kiswahili chetu, hiki hiki cha barabarani, si cha televisheni ya Dar. Viitikio kwa Kinyanga, hata kwa watu wasiokijua, juu kiitikio kinajifunzwa kisha mara mbili. Na hapo kuna kazi ambayo haingoji usalama wala mfadhili: kitabu cha 1969 kina maneno, lakini sauti haimo katika karatasi. Wazee wanaojua nyimbo zile wako Walikale, wengine wako kambini, na telefone zetu zote ziko na kitufe cha kurekodi. Nani katika sisi ana babu Mnyanga? Aandike hapa chini kijiji na umri wa mzee, tuanze na wa umri mkubwa.